Betri za Umeme na Usalama wa Nyumba za Wafanyakazi

Tangu motokaa, bajaji na pikipiki za umeme zianze kuonekana katika barabara zetu, maneno ya namna mbili yamekuwa yakisemwa juu yake. Wanaoziuza husema hazina dhara lo lote. Wengine, hasa waliokwisha kuona picha za motokaa inayotoa ndimi za moto, husema ni baruti iliyofunikwa turubai. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinampotosha mfanyakazi. Yeye ndiye atakayelala karibu na hatari hiyo ikiwapo, na yeye ndiye atakayekosa faida ya chombo hicho kikikataliwa kwa woga.

Kwanza yafaa kutazama hesabu. Idara ya Sweden inayoshughulikia maafa ilionyesha kwamba katika mwaka 2022, miongoni mwa motokaa za umeme, pamoja na zile za mseto, zipatazo 611,000 nchini humo, zilizoshika moto zilikuwa 23. Za petroli na dizeli zilikuwa kama 4,400,000, na zilizoungua zilikaribia 3,400. Ni kweli kwamba motokaa nyingi za umeme bado ni mpya, na gari kuukuu huungua upesi zaidi. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kuweza kupuuzwa. Anayesema motokaa ya umeme huwaka ovyo hasemi kweli.

Lakini moto wenyewe ukitokea, si moto tuliouzoea. Betri ya lithiamu ina seli nyingi, na ndani ya kila seli mna utando mwembamba unaotenga pande mbili za umeme. Utando ukitoboka, ama kwa kugongwa, ama kwa kasoro ya kiwandani, ama kwa kujazwa umeme kupita kiasi, seli hupata joto. Joto huvunja dawa zilizomo. Dawa hizo nazo huzaa joto zaidi na hewa inayowaka, hata seli ya jirani ikashika. Moshi wake ni sumu. Mchanga na mtungi mdogo wa kuzimia moto haviufikii moto uliomo ndani ya kasha, na wazimamoto huhitaji maji mengi sana kuipoza betri ya motokaa. Tena yaweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa.

Huko Marekani, kampuni ya General Motors iliuza motokaa iitwayo Chevrolet Bolt. Baada ya baadhi yake kuungua zikiwa zimeegeshwa, kampuni ilianza kuziita zirudi mwaka 2020, na mwezi Agosti 2021 ikaziita zote, zipatazo 142,000. Kasoro mbili za kiwandani zilikuwa zimekutana ndani ya seli moja. Wenye motokaa waliambiwa wasijaze betri kupita asilimia 90, wasizichaji usiku bila mtu kuziangalia, na waziegeshe nje, mbali na nyumba. Gharama zilikadiriwa kufikia dola bilioni mbili, na sehemu kubwa ilibebwa na LG, waliotengeneza betri. Twasisitiza jambo hili kwa kuwa huko mwenye kiwanda alijulikana, na alilipa. Korea ya Kusini nayo, baada ya motokaa ya umeme kuungua chini ya majumba ya kupanga mjini Incheon tarehe 1 Agosti 2024, serikali ilizitaka kampuni ziwatangazie watu betri zao zimetengenezwa na nani. Motokaa ile haikuwa hata ikichajiwa. Je, kwetu ni wanunuzi wangapi wa bajaji ya umeme walioambiwa betri yao imetoka wapi, au kama ni ya fosfeti ya chuma, inayostahimili joto zaidi, au ni ya nikeli?

Jambo jingine, ambalo kwetu twaliona kubwa kuliko kasoro za kiwandani, ni waya za nyumbani. Pasi huvuta umeme mwingi, lakini kwa nusu saa tu. Motokaa iliyochomekwa kwenye soketi ya kawaida yaweza kuvuta ampea 10 usiku kucha. Kwa umeme wetu wa volti 230, hizo ni kilowati 2.3, betri ya uniti 60, yaani uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU, ikiwa tupu itachukua zaidi ya saa 26 kujaa. Hapo soketi iliyolegea hugeuka jiko. Waya mwembamba wa kuungia, tena uliokunjwa kama kamba chini ya zulia, hupata joto bila mtu kujua mpaka plastiki inuke. Na ule ufundi wa mitaani wa kuondoa fyuzi ya plagi iliyoungua na kutia kipande cha waya mahali pake ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele. Motokaa yataka laini yake pekee kutoka kwenye sanduku kuu la umeme, yenye waya mnene wa kutosha, waya wa kwenda ardhini, na swichi inayokata umeme unapovuja. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, si ya kijana ye yote mwenye bisibisi. Chaja nayo iwe ile iliyokuja na chombo.

Sasa mwenzetu anayepanga chumba Manzese au Mbagala atafanya nini? Nyumba ni ya vyumba sita, korido moja katikati, madirisha yana nondo. Dereva hurudi usiku na betri yake, akaiweka koridoni ichaji, kwani ndipo soketi ilipo. Betri ile ikiwaka, njia pekee ya kutokea imezibwa na moto. Katika mji wa New York, mwaka 2023, betri za namna hii, nyingi zikiwa za baiskeli za umeme, zilisababisha mioto 268 na kuua watu 18. Wengi wa wanaotegemea baiskeli hizo ni wafanyakazi wa kupeleka vyakula majumbani, ambao huzichaji wanakolala kwa kuwa hawana mahali pengine. Mwaka huo huo mji ule ulipiga marufuku uuzaji wa betri zisizopimwa na kuthibitishwa.

Kumwambia dereva "usichaji ndani" bila kumwonyesha pa kuchaji ni kumfanyia mzaha. Katika miji ya Kigali na Nairobi madereva wa pikipiki za umeme hupeleka betri tupu kituoni na kupewa iliyojaa, wala haiingii chumbani. Twaomba vyama vya ushirika vya madereva vilifikirie jambo hili. Matawi ya Chama yenye viwanja nayo yaweza kutoa nafasi ya banda la wazi, lenye sakafu ya saruji na waya uliotiwa na fundi wa haki. Wenye nyumba wanaopokea kodi ya miezi sita mbele hawawezi kusema kwamba soketi mbovu ni shauri la mpangaji. Shirika la Viwango nalo lihakikishe kwamba chaja zisizo na alama ya ubora haziuzwi hadharani kando ya barabara.

Wakati huo, anayelazimika kuchaji nyumbani achaji mchana akiwa macho, nje au penye hewa, mbali na mlango na godoro. Betri iliyovimba, iliyoanguka, iliyoingia maji ya mafuriko, au inayotoa harufu ngeni isichomekwe tena. Ikianza kufoka moshi, watu watoke wote, mlango ufungwe nyuma yao, na mtu asirudi kuokoa cho chote. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114, na anayepiga aseme tangu mwanzo kwamba kinachoungua ni betri ya lithiamu.