Taa za gari lako zinamulika upande upi?

ANAYETAKA kujua hali ya taa za magari yetu asimame Kiriri usiku. Mtaa huu umekaa mlimani juu ya jiji la Bujumbura, na barabara zake zinapanda na kushuka kwa kona kali. Giza huingia muda mfupi baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, na kuanzia hapo magari yanayopanda kuelekea kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi huonekana moja moja. Nimesimama hapo jioni kadhaa. Nilichokiona ni magari mengi ya zamani yanayompiga mwanga wa macho dereva anayekuja, huku ukingo wa kulia wa barabara, wanakopita wanafunzi na wachuuzi kwa miguu, ukibaki gizani.

Wengi hudhani tatizo hilo ni la balbu kuchoka. Kwa magari mengi chanzo kiko kwingine, na wanaoguswa zaidi ni wenzetu waliorejea kutoka Tanzania na magari yao, pamoja na wafanyabiashara wanaovuka mpaka kila wiki.

Burundi tunaendesha upande wa kulia, kama Rwanda na Kongo. Tanzania, Kenya na Uganda wanaendesha kushoto, na Japani vilevile. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia kwetu yametoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kila mtu huona kwamba usukani uko kulia. Wachache hukumbuka kwamba taa nazo zilitengenezwa kwa ajili ya barabara za kushoto.

Taa ya mbele ikiwa kwenye dimu haimuliki sawasawa pande zote. Upande anakotoka dereva mwingine, mwanga hukatwa chini ili usimuumize macho. Upande wa ukingo wa barabara mwanga hupandishwa kidogo, ili uone mtu, baiskeli au jiwe kwa mbali. Taa ya Japani hupandisha mwanga kushoto. Ukiileta Bujumbura, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Kwa hiyo mwanga unaingia machoni mwake, na ukingo wako wa kulia unapata mwanga mfupi.

Hatari yake inaonekana zaidi kwenye barabara namba moja, RN1, inayopanda kutoka Bujumbura hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Humo wamo vijana wa baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, wengi wao bila taa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ukimwona kijana huyo umechelewa kwa sekunde moja tu, tayari umesogea mita 22.

Jinsi ya kujua taa uliyonayo

Njia ya kwanza ni kusoma kioo. Simama mbele ya gari ukiitazama taa. Taa zilizoidhinishwa kwa kanuni za Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara. Ukiona mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, taa hiyo ni ya nchi za kushoto. Mshale wenye ncha mbili ni wa taa inayoweza kurekebishwa kwa pande zote mbili. Pasipo na mshale, taa ni ya nchi za kulia kama kwetu. Taa nyingi za soko la Japani hazina alama hiyo ya E, kwa hiyo tumia njia ya pili.

Njia ya pili ni ukuta. Egesha gari mahali tambarare usiku, likitazama ukuta kwa umbali wa mita 5, kisha washa dimu. Funika taa moja kwa kitambaa na utazame nyingine. Utaona mstari kati ya mwanga na giza. Mstari ukipanda kushoto kwako wewe uliyekaa kwenye gari, taa ni ya Tanzania. Ukipanda kulia, ni ya Burundi. Kipimo hiki usikifanyie Kiriri kwenyewe. Shuka chini mjini, kwa sababu mahali penye mteremko patakudanganya.

Anayekaa na anayevuka

Kama umerudi kuishi na gari halitavuka tena, dawa ya kudumu ni kubadili taa nzima. Nchi za Ghuba zinaendesha kulia, kwa hiyo gari la usukani wa kushoto lililouzwa Dubai au Oman lina taa zinazotufaa. Magari yaliyotoka Ubelgiji au Ufaransa pia yana taa za kulia. Lakini usilipe kabla ya kulinganisha. Corolla mbili za mwaka mmoja zinaweza kufanana kwa mbali na bado zikatofautiana matundu ya skrubu. Nenda na taa yako ya zamani mkononi, iwe unanunua Buyenzi au Dar es Salaam. Wenye Land Cruiser za zamani zenye taa za duara wana bahati, kwani taa hizo za kipenyo cha karibu sentimita 18 ni za kipimo kimoja duniani, na za upande wa kulia zinazotumia balbu ya H4 si ngumu kupatikana.

Mfanyabiashara anayepita Kobero kwenda Kabanga, au Mugina kwenda Manyovu, hawezi kubadili taa kila anapovuka. Waingereza wana shida hiyohiyo wanapovuka kwenda Ufaransa, na wao hubandika vipande maalumu juu ya kioo. Nasi tunaweza. Simamisha gari mbele ya ukuta, washa dimu, kisha sogeza kipande cha karatasi ngumu juu ya kioo mpaka ile sehemu ya mwanga inayopanda ipotee. Weka alama, uzime taa ipoe, halafu bandika utepe mweusi hapo. Ukirudi upande wa pili wa mpaka, bandua. Kwenye taa za plastiki usiuache utepe muda mrefu, maana joto linaweza kuharibu kioo. Taa zenye lenzi ya mviringo kama jicho hazisikii sana utepe. Hizo zishushe kidogo kwa skrubu yake.

Wapo wanaojaribu kuizungusha balbu ili mwanga uhamie upande mwingine. Baadhi ya taa za zamani za Ulaya zilikuwa na kishikio chenye nafasi mbili kwa kazi hiyo. Kama yako haina, usikate wala kupiga tupa masikio ya balbu.

Kabla ya kununua balbu kali

Baada ya upande, ndipo tuzungumzie nguvu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu huanza na balbu badala ya kumalizia nayo.

Anza na kioo. Plastiki iliyogeuka njano husuguliwa kwa msasa wa maji, namba 800, kisha 1000, kisha 2000, na kumalizia kwa dawa ya kung'arisha. Dawa ya meno husaidia kwa siku chache tu. Bila kupaka rangi angavu ya kuzuia jua, unjano hurudi baada ya miezi michache. Kama kioo ni safi lakini sahani ya ndani imepoteza ung'aavu wake wa fedha, taa hiyo imekufa. Ibadilishe.

Pili, pima umeme. Gari la miaka 20 au zaidi lina waya zilizochoka na swichi iliyoungua kidogo kidogo. Mwambie fundi apime kwenye betri injini ikiwaka, kisha apime kwenye soketi ya balbu taa ikiwa imewashwa. Tuseme betri inatoa volti 13.5 na balbu inapata 12.1. Umepoteza asilimia 10 ya umeme, lakini mwanga uliopotea ni kama asilimia 30. Dawa yake ni rilei, waya nene kutoka kwenye betri na fyuzi yake, na kusafisha mahali waya wa hasi unapoungana na bodi. Kazi hiyo ikifanyika, balbu ya kawaida itaonekana kama mpya.

Tatu, balbu. H4 ya kawaida ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Mbili kwenye dimu huvuta kama ampea 9. Zile za wati 100 kwa 90 huvuta ampea 15, kwenye waya ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Matokeo yake ni soketi kuyeyuka, na gari linaweza kushika moto. Balbu za bluu zinapendeza dukani, lakini rangi ile huzuia sehemu ya mwanga, na kwenye mvua lami hupotea kabisa. Zenoni na LED zinazochomekwa kwenye taa ya balbu ya kawaida mara nyingi hutawanya mwanga ovyo, kwa kuwa sahani ya taa ilipimwa kwa uzi mdogo uliokaa mahali pamoja. Nunua H4 nzuri ya wati za kawaida, badilisha zote mbili kwa pamoja, na usishike kioo chake kwa vidole.

Mwisho, pima urefu wa mwanga. Ukiwa mita 5 kutoka ukutani, mstari wa dimu uwe sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa. Hapa wafanyabiashara wasikilize vizuri. Gari lenye mita 2.5 kati ya tairi za mbele na za nyuma likizama nyuma kwa sentimita 2.5 tu kwa ajili ya mzigo, ule mwinamo wote umefutika na taa zinatazama machoni mwa watu. Kwa hiyo rekebisha taa gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, tairi zikiwa na upepo wa kutosha, na dereva akiwa amekaa kwenye kiti.

Na ukikuta ukungu Bugarama, zima fulu. Matone ya ukungu hukurudishia mwanga usoni ukaona ukuta mweupe. Tumia dimu, punguza mwendo, na utazame ukingo wako wa kulia. Huko ndiko wanakopita wenye baiskeli.