Namba iliyodumu miaka 17

Wapo wanaodhani kwamba hesabu za namba kubwa ni mchezo wa maprofesa, hazimhusu mtu anayehangaikia nauli na unga. Wiki hii, ndugu msikilizaji, naomba tuitazame namba moja tu, kisha kila mmoja aamue mwenyewe.

Namba hiyo ina tarakimu 129. Inaanzia na 1143 na kuishia na 541. Inaitwa RSA-129, kwa herufi za majina ya wataalamu watatu wa chuo cha MIT huko Marekani: Rivest, Shamir na Adleman. Mwaka 1977 jarida la Scientific American liliichapa pamoja na ujumbe uliofungwa kwa siri, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeufungua.

Siri ilikuwa wapi? Namba hiyo ni zao la namba tasa mbili, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kuzidisha ni kazi nyepesi. Mwanafunzi wa darasa la sita ukimwambia 89 mara 97, atakuandikia 8,633 mara moja. Lakini mpe 8,633 peke yake, umuulize imetokana na namba zipi. Atajaribu 3, 7, 11, 13, na jasho litamtoka kabla hajafika 89. Namba kubwa ndiyo kufuli, kila mtu anaruhusiwa kuiona. Zile mbili ndogo ndizo ufunguo.

Ilikadiriwa kwamba kuzitafuta kungechukua miaka milioni bilioni 40. Kulichukua miaka 17. Aprili 1994, baada ya watu wapatao 600 waliojitolea kugawana kazi kwenye kompyuta zao kwa miezi kama minane, zilipatikana: moja ya tarakimu 64, nyingine 65. Si kasi ya kompyuta pekee iliyoongezeka; wanahisabati nao walikuwa wamebuni njia za mkato.

Linatuhusu nini? Kufuli za aina hii ndizo zinazolinda kadi nyingi za benki zenye chipu na mawasiliano mengi ya intaneti. Namba zake zimerefushwa. Nyingi sasa zina tarakimu 617. Mwaka 2020 ilivunjwa ya tarakimu 250. Na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba njia fupi zaidi haipo. Mwaka huohuo wa 1994, Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta za kwanta, zikipatikana zenye uwezo wa kutosha, zitazigawanya upesi. Ndiyo maana mwaka 2024 Marekani ilitoa viwango vya kufuli za aina nyingine.

Rai yangu kwa wanaotutunzia fedha ni fupi: kitasa hubadilishwa kabla mwizi hajapata ufunguo. Nasi wenye fedha tuna haki ya kuwauliza wamefikia wapi.