Johannesburg–Pretoria: Dakika za Kusubiri Ndizo Zinazouza Tiketi

Kutoka kituo cha Park, katikati ya Johannesburg, kuna reli mbili za kwenda Pretoria. Moja ni Gautrain, iliyoanza kubeba abiria wa uwanja wa ndege Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, na mwaka uliofuata ikafika Pretoria. Hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, sawa na SGR ya Tanzania, na safari huchukua dakika zipatazo 35. Nyingine, Metrorail ya shirika la umma la PRASA, huzungukia Germiston na Kempton Park na kuchukua zaidi ya saa moja.

Lakini kasi siyo iliyoamua soko hili. Gautrain inauza ratiba: asubuhi na jioni, watu wanapokwenda na kutoka kazini, treni hupita kila dakika 10, mchana kila 20, wikiendi kila 30. Ukiikosa moja, hujachelewa kazini.

Metrorail ilipoteza uhakika huo hasa. Mwaka 2008/09 ilibeba abiria zaidi ya milioni 600 nchini. Mwaka 2021/22 hawakufika hata milioni 20. Korona iliposimamisha treni mwaka 2020, wezi walikata nyaya za umeme na za ishara, wakang'oa hata mapaa ya vituo. Bila ishara, dereva hasogei mpaka apewe kibali, kipande kwa kipande, na kila kipande hubeba treni moja tu. Hapo hata treni mpya za kiwanda cha Gibela hazina pa kukimbilia. Abiria wakahamia taksi, daladala za huko: nauli iko juu, lakini gari likijaa linaondoka.

Abiria wameanza kurudi. Mwaka 2024/25 walifikia milioni 77, na Metrorail bado ndiyo nafuu kuliko zote.

Wakati huohuo, Gautrain ilipopata mapato chini ya kiwango cha mkataba, mkoa wa Gauteng ulilipa pengo hilo, na kuna mpango wa kuifikisha Soweto. Soweto ina reli tayari, ile ya Naledi. Naona randi za kwanza ziende huko, kwenye nyaya, ishara na walinzi, ili mfanyakazi wa Soweto naye aikose treni moja na kuiona nyingine ikiingia baada ya dakika 10.