Sushi: Samaki ni halali, je viungo vyake?

Ndugu Waislamu, familia inayoishi Japani hupita mara kwa mara mbele ya mgahawa wa sushi mtaani, na watoto huuliza: "Baba, tunaruhusiwa?"

Mwenyezi Mungu ametuhalalishia vinavyovuliwa baharini (Al-Maida: 96), na samaki hahitaji kuchinjwa. Mashafii huhalalisha hata pweza, ilhali Mahanafi humwepuka.

Mashaka yamo katika viungo. Wali wa sushi hutiwa siki, sukari na chumvi, na siki ni kitoweo alichokisifu Mtume (S.A.W.). Lakini baadhi ya wapishi huongeza mirini, kileo kitamu cha mchele chenye pombe kiasi cha asilimia 14. Aghalabu mchuzi mzito unaopakwa mkunga wa kuchoma nao hupikwa kwa mirini.

Basi mzazi asione haya kumwuliza mpishi kabla ya kuagiza. Jibu likileta shaka, ashukuru na kuondoka, kwani tumeusiwa kuyaacha yenye kutia shaka. Watoto watakosa mlo mmoja, lakini watakuwa wamejifunza kuuliza watakapokuwa peke yao.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.