Mdudu Mgeni kwenye Stroberi: Hatari Yake Hupimwaje?

Mdudu mgeni akisikika nchi jirani, mkulima huuliza: je, ni hatari? Mtaalamu wa afya ya mimea halijibu swali hilo kwa mkupuo. Huligawa kwanza sehemu nne: ataingia kwa njia gani, atapata pa kuishi, atasambaa, na hasara yake itakuwa nini? Ndivyo unavyoelekeza Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea. Nchi inayozuia matunda ya wenzake bila tathmini hudhaniwa inalinda soko lake tu.

Tumpime Drosophila suzukii, nzi wa Asia ya Mashariki anayeshambulia stroberi, rasiberi, bluberi na cheri. Urefu wake ni milimita 2 hadi 3, na dume ana doa jeusi kwenye kila bawa. Ukimtazama juujuu utadhani ni yule anayezengea ndizi mbivu jikoni. Tofauti kubwa iko kwa jike, ambaye kiungo chake cha kutagia kina meno kama ya msumeno. Nzi wa jikoni hungoja tunda lipasuke au lioze; huyu hukata ngozi ya tunda zima linaloanza kuiva, akataga ndani.

Kwa hiyo njia ya kuingilia ni tunda lenyewe. Tundu la kutagia ni dogo mno, na kreti inaweza kupita mbele ya mkaguzi ikiwa safi machoni. Kuna kipimo rahisi: ponda stroberi kidogo, zitie kwenye maji ya chumvi, ungoje kama robo saa. Funza weupe watatoka. Ila mayai hayatoki, hivyo maji yasiyo na funza hayajathibitisha kwamba tunda ni salama. Mwaka 2008 nzi huyu alionekana California, Hispania na Italia, na miaka michache baadaye alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Biashara ya matunda ilimbeba mbali kuliko mabawa yake.

Je, huku kwetu ataishi? Hustawi kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, na likipita 30 uzazi wake hudorora. Mombasa na Dar es Salaam si kwake. Limuru, Lushoto na Njombe zinamfaa. Tena si jambo la kubahatisha: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulithibitisha kwamba yupo Kenya, katika kaunti ya Nakuru. Msimu wa shamba ukiisha, matunda ya porini humhifadhi.

Hasara haiishii kwenye tunda linalolainika na kuoza. Stroberi huchumwa kila baada ya siku chache, kwa hiyo dawa ikipulizwa, muda wa kungoja kabla ya kuvuna huwa haupo. Halafu kuna soko. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda wa aina nyingine, na biashara hiyo ikafunguka tena 2021.

Majibu hayo huunganishwaje? Australia, iliyotoa tathmini ya nzi huyu mwaka 2013, huipa kila hatua daraja, kisha huunganisha uwezekano wa kuingia, kukaa na kusambaa. Kwa utaratibu huo, uwezekano wa jumla hauzidi ule wa hatua iliyo dhaifu kuliko zote. Ndiyo maana tathmini humwonyesha mkulima pa kuweka nguvu: hali ya hewa ya Lushoto hatuwezi kuibadili, lakini tunda lililoambukizwa tunaweza kulizuia.

Shambani, chuma mara kwa mara, usiache matunda yaliyozidi kuiva, na yaliyoanguka yafunge kwenye mfuko wa plastiki uuache juani. Tundika pia mitego ya vikopo vyenye siki ya tofaa, vilivyotobolewa matundu madogo ubavuni. Ukinasa nzi mwenye madoa mabawani, usimtupe. Mpeleke kwa mamlaka ya afya ya mimea: KEPHIS ukiwa Kenya, au TPHPA ukiwa Tanzania. Wanunuzi wa nje hudai ushahidi wa ukaguzi, na eneo ambalo halijawahi kuwekewa mitego halina cha kuwaonyesha hata kama mdudu hayupo.