Miti yenye maradhi kando ya barabara: lini ikatwe, na kwa bei gani

Mti mgonjwa ulio ndani ya msitu unaweza kuachwa ujiangukie, ukawa makazi ya ndege na wadudu. Ulio kando ya barabara haupewi nafasi hiyo, kwa kuwa chini yake hupita magari, baiskeli na watoto waendao shule. Nchini Uingereza, kuamua lini mti wa namna hiyo ukatwe na kwa gharama gani kumekuwa mzigo mkubwa kwa halmashauri na wenye mashamba tangu kuvu iitwayo Hymenoscyphus fraxineus ianze kuangamiza miti ya eshi.

Eshi ni mti wa jenasi ya Fraxinus, wa ukoo mmoja na mzeituni. Ubao wake ni mgumu lakini hunepa, ndiyo maana tangu zamani umetumika kutengenezea mipini ya shoka na nyundo. Kuvu hiyo asili yake ni Asia ya Mashariki, ambako miti ya eshi ya huko huistahimili. Barani Ulaya dalili zake zilionekana Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uingereza ilithibitisha ugonjwa huo mwaka 2012, kwanza kwenye miche ya kitaluni, kisha porini mashariki mwa nchi. Wakati wa joto, vijiuyoga vyeupe huota kwenye vikonyo vya majani yaliyoanguka mwaka uliotangulia na kurusha spora zinazopeperushwa na upepo. Spora ikitua juu ya jani, kuvu hupenya, hufuata kikonyo hadi kwenye tawi na kuziba njia ya maji. Tawi hukauka kuanzia nchani.

Ukaguzi hufanywa Julai na Agosti. Eshi huchelewa kuchipua, hivyo mwezi Mei hata mti mzima wa afya huonekana mtupu. Mkaguzi hutazama taji la mti na kukadiria majani yaliyobaki, kisha huupanga katika daraja mojawapo kati ya nne: la kwanza ni mti wenye zaidi ya asilimia 75 ya majani yake, la pili asilimia 50 hadi 75, la tatu 25 hadi 50, na la nne chini ya 25.

Taji peke yake halitoshi. Mkaguzi huzunguka shina, hutafuta gome lililobonyea na kugeuka rangi karibu na mizizi, na hugonga kwa nyundo asikilize kama kuna uwazi ndani. Akibandua gome lililokufa, anaweza kukuta nyuzi nyeusi bapa kama kamba za viatu: hiyo ni Armillaria, kuvu nyingine inayoozesha mizizi ya mti uliokwisha kudhoofika. Mti wa aina hiyo unaweza kung'oka ukiwa bado na majani mabichi.

Hali ya mti hupimwa pamoja na mahali uliposimama. Penye magari mengi, mti uliopoteza nusu ya taji huingizwa kwenye orodha ya kukatwa. Kwenye kijia kisichopitwa sana, mti kama huo unaweza kupunguzwa matawi na kukaguliwa tena mwaka unaofuata. Kukata miti yote kwa hofu nako ni hasara, kwa sababu michache katika kila mia huonyesha ustahimilivu, na mbegu zake ndizo tegemeo la kizazi kijacho.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Mti ukiwa bado na nguvu, mkwezi hupanda kwa kamba na kuushusha kipande kwa kipande. Ukishakauka, ule ubao ulionepa huwa mkavu wa kukatika ghafla, na matawi huvunjika kwa mtikisiko wa msumeno tu. Mkwezi makini hakubali kuupanda. Hapo hukodiwa mashine yenye kikapu cha kuinulia watu, au kreni yenye mkono wa kushika na kukata, na bei hupanda.

Bei yenyewe hujumlisha malipo ya kikosi kwa siku, ukodishaji wa mitambo, bima, usimamizi wa magari, uondoaji wa magogo na matawi, na kusaga kisiki. Mara nyingi barabara ndiyo inayogharimu kuliko msumeno. Tuseme kufunga kipande kimoja kwa siku kunahitaji pauni 1,000. Ukikatwa mti mmoja, wote huo ni mzigo wake. Ikikatwa kumi siku hiyo hiyo, kila mmoja hubeba pauni 100. Kwa hiyo miti ya njia moja hukusanywa katika zabuni moja, hata kama mmojawapo ungeweza kungoja mwaka zaidi. Nyaya za umeme zikiwa karibu, kampuni yenye nyaya hizo huhusishwa mapema.

Mkandarasi anayelipwa kwa mti hubeba hatari ya kazi kuwa ngumu, naye huiongeza kwenye bei. Anayelipwa kwa siku humwachia mteja hatari hiyo. Kuni za eshi huwaka vizuri, kwa hiyo anayeruhusiwa kuchukua magogo anaweza kupunguza bei kidogo.

Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 huipa halmashauri uwezo wa kumtaka mwenye mti unaohatarisha barabara aushughulikie ndani ya siku 14. Akikaidi, huushughulikia yenyewe na kumdai gharama. Popo na viota vya ndege pia hulindwa kisheria, hivyo kazi isiyo ya dharura husogezwa hadi vuli na baridi. Kwa kuwa wakati huo miti yote haina majani, ile iliyohukumiwa huwekwa alama ya rangi tangu wakati wa ukaguzi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa ugonjwa huu utaigharimu Uingereza pauni bilioni 15 katika miaka 100, karibu nusu yake katika miaka kumi ya mwanzo. Bajeti iliyopangwa vizuri huweka pia fungu la kupanda miti mingine, ya aina mchanganyiko, ili ugonjwa mmoja usiweze tena kuacha barabara nzima bila kivuli.