Wati Elfu Kumi za Kwenye Boksi

Sabufa za bei nafuu, Tanga kama kwingineko pwani, hujinadi kwa tarakimu nene zilizochapwa kwenye boksi: wati 5,000, wati 10,000, na pembeni herufi PMPO. Igeuze mashine yenyewe usome kibandiko cha nyuma, mara nyingi utakuta kinataja umeme wa volti 230 na matumizi ya wati 60 hivi. Amplifaya haiwezi kutoa mfululizo nguvu inayozidi ile inayoivuta ukutani, na sehemu ya hiyo inayovutwa huishia kuwa joto. Muuzaji atajitetea kwamba PMPO ni nguvu ya mpigo mmoja tu, kwa kuwa kapasita za ndani huweka akiba ya umeme. Akiba ipo kweli, lakini mpigo nao una mpaka. Chukua TDA2030, chipu iliyotumika sana katika sabufa za namna hii. Ikilishwa volti 14 chanya na 14 hasi, ikaendesha spika ya omu 4, kilele chake hakiwezi kupita 14 mara 14 gawanya kwa 4, yaani wati 49. Funga chipu tatu, bado hufiki 150. Hizo elfu kumi hazitoki popote: PMPO haina kanuni iliyokubaliwa ya kuipima, kila kiwanda hujipimia chake.

Hata tarakimu ya kweli haisemi kitu mpaka itajwe pamoja na upotoshaji, ule unaoandikwa kwa herufi THD. Chipu hiyohiyo, kwa volti hizohizo na spika ya omu 4, hutoa wati 14 kwa upotoshaji wa asilimia 0.5, na wati 18 ukiruhusu asilimia 10. Tarakimu zote mbili ni halali, ila ya pili imepatikana kwa kulisukuma wimbi la sauti hadi likakatwa kichwa, na wimbi lililokatwa huzaa sauti ambazo mpigaji hakuzipiga. Faida ya wati hizo nne ni desibeli moja tu, ambayo sikio huitambua kwa shida. Ndiyo maana Marekani iliweka kanuni mwaka 1974 ya kuwazuia watengenezaji kutangaza wati bila masharti. Tangu marekebisho ya 2024, nguvu inayotangazwa lazima ipimwe kwa mzigo wa omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji ukiwa chini ya asilimia 1.

Kwa msikilizaji wa Tanga jambo hili lina uzito wake. Black Star na Lucky Star, vikundi alivyoviimbia mwimbaji Shakila, viliipa taarabu ya mji huu gitaa na besi za umeme. Besi ndiyo inayokula nguvu nyingi. Inapoifikisha amplifaya ukomoni, sauti ya mwimbaji, ambayo imo katika wimbi hilohilo, hukatwa pamoja nayo: konsonanti huzama, maneno yakakoroma. Dansi huenda likavumilia. Taarabu, ambayo mtu anaisikiliza apate fumbo, haivumilii.

Basi tukimbilie THD ndogo kabisa? Hapana. Kati ya asilimia 0.1 na 0.01 hakuna la kulipia, kwa sababu spika yenyewe, hasa kwenye besi, hupotosha kuliko hapo. Wapo pia watakaosema kwamba harusi ya uani kule Ngamiani inataka kishindo, si usafi. Ni haki yao, lakini kishindo nacho hakinunuliwi kwa wati peke yake. Kuongeza nguvu maradufu huleta desibeli 3 tu. Spika inayotoa desibeli 97 kwa wati 1, umbali wa mita 1, ikipewa wati 10 hulingana na ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Mwenye bajeti finyu atapata zaidi akiweka fedha kwenye spika kuliko kwenye tarakimu ya boksi, na amplifaya yake itafanya kazi mbali na ukomo. Na pale kibandiko kisipotaja omu wala upotoshaji, kadirio la tahadhari kwa amplifaya za aina ya zamani, zile zinazochemka, ni kuchukua wati za ukutani na kuzikata nusu, zile 60 zikawa 30, kisha kuuliza kama bei ya sabufa hiyo inastahili wati 30.